Hewa yaingia, damu haifiki: Hatari ya mishipa ya mapafu kuziba

Mtu akianza kuhema upesi upesi, jamaa zake hufikiria mambo matatu: pumu, kichomi au wasiwasi. Madirisha hufunguliwa, mgonjwa hupepewa kwa gazeti, na pengine jirani humletea mfuko wa karatasi apumulie. Mara nyingi huwa wamekisia vyema. Lakini upo ugonjwa mwingine unaojificha nyuma ya dalili hizo hizo, na ambao huweza kuua kwa saa chache, wakati mwingine kwa dakika chache tu. Huu ni ugonjwa wa kuziba kwa mishipa inayopeleka damu mapafuni.

Ajabu ya ugonjwa huu ni kwamba mwanzoni mapafu yenyewe huwa mazima. Daktari akisikiliza kifua, huenda akasikia hewa ikiingia na kutoka vizuri. Picha ya eksirei yaweza kuonyesha mapafu safi. Hata kipimo cha hewa chafu iliyo ndani ya damu huweza kuonyesha kiwango cha kawaida, au cha chini kuliko kawaida. Kwa hivyo mgonjwa huweza kuambiwa hana neno na kurudishwa nyumbani, ilhali yumo hatarini.

Ili uelewe jambo hili, msomaji, yafaa kwanza ujue jinsi mwili unavyojiondolea hewa chafu.

Hewa na damu hukutana wapi?

Karibu kila aina ya chembe za mwili wako hutumia oksijeni kuchoma chakula na kupata nguvu. Kazi hiyo huacha taka, nayo ni hewa ya kaboni dayoksaidi. Mtu mzima aliyetulia hutoa takriban mililita 200 za hewa hiyo kila dakika. Ikibaki mwilini, damu hugeuka kuwa na asidi, ubongo ukalegea na moyo ukayumba. Ndiyo maana haina budi kuondolewa mchana na usiku, hata ukiwa umelala.

Damu huibeba hewa hii chafu hadi upande wa kulia wa moyo. Sehemu kubwa, kama asilimia 70, huwa imegeuzwa kuwa chumvi iitwayo baikaboneti. Nyingine hushikwa na himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, na iliyosalia huyeyuka tu ndani ya maji ya damu. Kutoka moyoni, damu hiyo husukumwa ndani ya ateri ya mapafu, ambayo hugawanyika matawi mawili, moja kwa kila pafu, kisha matawi madogo na madogo zaidi, kama mti. Mwisho wake ni vishipa vyembamba kabisa vinavyozunguka vifuko vya hewa. Vifuko hivi ni vidogo mno, na idadi yake hukadiriwa kuwa takriban milioni 300 katika mapafu yote mawili.

Hapo ndipo hewa na damu hukutana, zikitengwa na utando mwembamba kuliko karatasi. Hewa chafu huvuka kutoka kwenye damu na kuingia kifukoni, oksijeni huvuka kutoka kifukoni na kuingia kwenye damu. Hewa tunayovuta ina kaboni dayoksaidi chini ya asilimia 0.1, lakini ile tunayotoa ina takriban asilimia 4.

Basi kwa kazi hii kufanyika, mambo mawili yahitajika kwa pamoja: hewa safi ifike kifukoni, na damu ifike kwenye ukuta wa kifuko hicho. Moja likikosekana, lile jingine halina faida.

Kinachoziba ni nini?

Mara nyingi kinachoziba ateri ya mapafu ni donge la damu iliyoganda. Donge hilo kwa kawaida halianzii kifuani. Huanzia katika vena za ndani za mguu, paja au nyonga, likakatika, likachukuliwa na mkondo wa damu, likapita upande wa kulia wa moyo na kukwama mapafuni, pale ambapo mshipa unakuwa mwembamba kuliko donge lenyewe. Daktari Mjerumani Rudolf Virchow ndiye aliyeeleza safari hii katika miaka ya 1840, baada ya kupasua maiti nyingi na kuona kwamba madonge yaliyokwama mapafuni yalitoka mbali.

Donge likiwa dogo, huziba kitawi kimoja tu na mtu huhisi maumivu ubavuni. Likiwa kubwa, au yakiwa mengi, huziba nusu ya njia za damu au zaidi, na moyo hulemewa kwa kusukuma damu penye kizuizi.

Pumzi ya kazi bure

Chukua mfano wa matatu. Damu ni matatu, na vifuko vya hewa ni vituo. Matatu zafika kituoni zikiwa na abiria wa kushuka, ambao ni hewa chafu, na wengine wanasubiri kupanda, ambao ni oksijeni. Sasa barabara inayoelekea kwenye baadhi ya vituo imefungwa. Vituo vyenyewe ni vizima na vimefagiliwa, na abiria wa kupanda wamejaa, lakini hakuna gari linalofika. Ndivyo ilivyo kwa pafu ambalo mshipa wake umeziba. Hewa huingia na kutoka, lakini haikutani na damu. Hutoka jinsi ilivyoingia, bila kubeba taka yoyote.

Kila mtu, hata mzima, ana kiasi fulani cha pumzi kama hii ya kazi bure. Ukivuta pumzi ya kawaida ya mililita 500, takriban mililita 150 hubakia puani, kooni na katika mirija mikubwa ya hewa, mahali ambapo hakuna vifuko. Christian Bohr, mtaalamu wa Denmark, alieleza mwaka wa 1891 jinsi ya kukadiria kiasi hicho kwa kupima kaboni dayoksaidi katika hewa inayotolewa. Madaktari wangali wanatumia msingi wa hesabu yake hadi leo.

Tazama hesabu hii rahisi. Mtu anayepumua mara 12 kwa dakika, mililita 500 kila mara, huvuta lita 6. Ukiondoa zile mililita 150 za kila pumzi, hewa inayofika vifukoni ni lita 4.2. Tuseme nusu ya njia za damu zimeziba. Kati ya hizo lita 4.2, ni lita 2.1 tu zitakazokutana na damu. Kama mtu huyo angeendelea kupumua vile vile, kiwango cha hewa chafu katika damu yake kingepanda hadi karibu mara mbili. Ili asalie alivyokuwa, hana budi kupumua mara 24 kwa dakika badala ya 12.

Na hivyo ndivyo mwili ufanyavyo. Sehemu ya chini ya ubongo hupima hewa chafu kila wakati, na ikipanda hata kidogo tu, huamrisha kifua kifanye kazi zaidi. Mgonjwa huanza kuhema bila kuamua.

Kwa nini hewa chafu hupungua?

Mtu angetarajia kwamba mishipa ya mapafu ikiziba, kaboni dayoksaidi itajaa mwilini. Kwa wagonjwa wengi mambo huwa kinyume. Kiwango cha kawaida katika damu ya ateri ni kati ya milimita 35 na 45 za zebaki, na wagonjwa wengi wa ugonjwa huu hupatikana wakiwa chini ya 35.

Sababu ni kwamba mwili hauhemi kwa ajili ya hewa chafu pekee. Upungufu wa oksijeni, maumivu ya kifua, neva za mapafu zilizochokozwa na hofu ya mgonjwa mwenyewe, vyote husukuma pumzi zaidi. Katika sehemu za mapafu ambazo bado zinapata damu, hewa safi huingia kwa wingi na hewa chafu hufagiliwa kwa wingi pia. Hivyo sehemu nzima hulipia deni la sehemu zilizoziba, na mara nyingine hulipa kupita kiasi.

Hewa chafu ikishuka sana, mgonjwa huhisi kizunguzungu, na vidole na midomo hufa ganzi au kuwashwa kama sindano. Dalili hizi hizi humpata mtu mwenye hofu kuu anayehema bila ugonjwa. Hapo ndipo wengi hukosea na kusema, "Huyu ana wasiwasi tu, mwacheni atulie."

Na oksijeni je?

Waweza kuuliza: ikiwa kuhema kwaondoa hewa chafu, mbona oksijeni isipande pia? Turudi kwenye mfano wetu. Matatu zote zimeelekezwa kwenye vituo vichache vilivyobaki. Kushusha abiria ni rahisi, na kadiri upepo wa kuwaondoa unavyovuma ndivyo wanavyozidi kushuka. Lakini viti vya kila gari vimehesabiwa. Himoglobini ya mtu mzima hujaa oksijeni karibu asilimia 97 katika pumzi ya kawaida. Ukihema mara mbili, huwezi kuijaza mara mbili.

Zaidi ya hayo, damu yote ikisukumwa kupitia njia chache, nyingine hupita haraka au hupita penye vifuko visivyo na hewa ya kutosha, ikatoka na viti vitupu. Ndiyo sababu mgonjwa huweza kuwa na upungufu wa oksijeni huku hewa chafu ikiwa chini. Hata hivyo kuna wagonjwa, hasa vijana wenye madonge madogo, ambao kile kifaa kinachobanwa kidoleni huonyesha oksijeni ya kutosha. Kipimo kimoja kizuri si cheti cha uzima.

Hewa chafu ikianza kupanda

Kuhema huku ni kazi ngumu, na misuli ya kifua huchoka kama misuli mingine. Ikiwa mgonjwa aliyekuwa akihema ghafla anapunguza mwendo, huku akisinzia, akichanganyikiwa au kulalamika kichwa kinamuuma, usifurahi kwamba ametulia. Huenda mwili umeshindwa kulipa lile deni, na hewa chafu inaanza kulundikana.

Hali hii huwapata zaidi watu wa aina tatu. Wa kwanza ni wale ambao mishipa imeziba kwa kiasi kikubwa mno na moyo unashindwa kusukuma damu. Wa pili ni wale ambao tayari mapafu yao yalikuwa dhaifu, kwa mfano kwa kuvuta sigara miaka mingi, nao hawana akiba ya kuhema zaidi. Wa tatu ni wale wasioweza kuongeza pumzi zao wenyewe, kama mgonjwa aliye katika nusukaputi na anayepumuliwa na mashine. Katika chumba cha upasuaji, hewa inayotoka kwa mgonjwa hupimwa kaboni dayoksaidi kila mara. Kipimo hicho kikishuka kwa ghafla, daktari hushtuka. Hewa inayotoka imekuwa safi kupita kiasi kwa sababu sehemu yake haikuonana na damu, ilhali hewa chafu imebaki ndani ya damu yenyewe. Tofauti hiyo kati ya hewa itokayo na damu ni mojawapo ya alama za kuziba kwa ghafla.

Hata hivyo, kinachoua wengi si hewa chafu. Upande wa kulia wa moyo haukuumbwa kusukuma damu kwa nguvu nyingi. Ukikutana na ukuta ghafla, huvimba, hulegea na huweza kusimama.

Weka mbali mfuko wa karatasi

Desturi ya kumpa mtu anayehema mfuko apumulie ilitokana na fikira kwamba atavuta tena hewa yake mwenyewe na kurudisha kaboni dayoksaidi iliyopungua. Kwa mgonjwa wa mishipa iliyoziba hilo ni kosa kubwa. Oksijeni ndani ya mfuko huo hupungua kila anapovuta, na tayari ana upungufu. Vivyo hivyo, usimpe dawa ya usingizi wala kileo ili "atulie". Kuhema kwake ndiko kunakomweka hai.

Mketishe jinsi anavyoona nafuu, usimtembeze wala kumpandisha ngazi, na umfikishe hospitali haraka. Enda ikiwa mtu ameishiwa na pumzi ghafla bila sababu, ikiwa anachomwa kifuani anapovuta pumzi, moyo unamwenda mbio, amekohoa damu au amezirai. Usisahau kumtazama miguu. Mguu mmoja ukiwa umevimba, una joto na shavu lake linauma likiguswa, mwambie daktari hilo kabla hata hujaulizwa. Katika nchi yetu kikohozi cha damu hufikiriwa mara moja kuwa kifua kikuu, na kichomi hufikiriwa kuwa nimonia. Maneno yako machache juu ya mguu huweza kubadilisha uchunguzi wote.

Usiogope kufukuzwa mlangoni kwa kukosa pesa. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya 2010 chasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura.

Vipimo na dawa

Daktari akishuku ugonjwa huu, huweza kuagiza kipimo cha damu kinachotafuta mabaki ya donge linaloyeyuka, picha ya altrasaundi ya miguu, na kipimo cha umeme wa moyo. Kipimo kinachotegemewa zaidi ni picha ya CT ya mishipa ya mapafu, ambapo mgonjwa hudungwa dawa inayoonyesha njia za damu na mahali zilipokatika.

Dawa kuu ni zile zinazozuia damu kuendelea kuganda. Huanza kwa sindano ya heparini au kwa vidonge, na kwa kawaida matibabu huendelea kwa muda usiopungua miezi 3. Mwaka wa 1960, madaktari Barritt na Jordan wa Bristol, Uingereza, walichapisha matokeo ya jaribio lao. Kati ya wagonjwa 19 ambao hawakupewa dawa hizo, 5 walikufa kwa ugonjwa huu. Kati ya 16 waliopewa, hakuna aliyekufa kwa madonge ya mapafuni. Tofauti ilikuwa wazi kiasi kwamba madaktari hao waliona si haki kuendelea kuwanyima wengine. Kwa wagonjwa mahututi, huongezwa dawa kali ya kuyeyusha donge, au donge hutolewa kwa upasuaji au kwa mpira mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa.

Ukipewa vidonge vya warfarini, hudhuria vipimo vya damu kama ulivyoambiwa. Sukuma wiki na spinachi zina vitamini K kwa wingi, nayo hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Si lazima uache mboga. La muhimu ni kula kiasi kile kile wiki baada ya wiki, si kujaza sahani leo na kuacha kabisa mwezi ujao. Usinunue dawa za maumivu kama aspirini dukani bila kumwuliza daktari, kwani huweza kukutoa damu. Mwanamke anayetarajia kushika mimba amwambie daktari mapema, maana warfarini huweza kudhuru mtoto tumboni.

Ikiwa miezi 3 imepita na bado unaishiwa na pumzi ukipanda ngazi, rudi hospitali. Kwa watu wachache donge halimalizi kuyeyuka. Hugeuka kovu ndani ya mshipa, na pumzi ya kazi bure huendelea siku zote. Hali hiyo pia ina matibabu.

Nani ajihadhari?

Damu huganda upesi zaidi inapotulia bila mwendo, mshipa unapoumia, au damu yenyewe inapokuwa nyepesi kuganda. Kwa hivyo walio hatarini ni waliofanyiwa upasuaji mkubwa, waliovunjika mguu na kufungwa plasta, wajawazito na wanawake waliojifungua katika wiki 6 zilizopita, wagonjwa wa saratani, wanaoishi na virusi vya ukimwi, wagonjwa wa kifua kikuu, wanene kupita kiasi, na wanawake wanaotumia vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni. Katika janga la COVID-19, madaktari waliona pia madonge mengi mapafuni mwa wagonjwa waliolazwa. Aliyewahi kupata donge huweza kupata tena.

Mjini, wengi wetu hukaa tu: ofisini mchana kutwa, katika msongamano wa magari jioni, na sebuleni usiku. Safari ya zaidi ya saa 4, iwe ni basi la usiku kutoka Mombasa hadi Kisumu au ndege ya kwenda London, huongeza hatari kiasi, hasa kwa walio katika orodha ya hapo juu. Basi linaposimama, shuka unyooshe miguu. Ukiwa kitini, inua visigino na vidole vya miguu kwa zamu, kwani misuli ya shavu la mguu ndiyo pampu inayorudisha damu juu. Kunywa maji hata kama waogopa kutafuta choo njiani. Ukitoka kufanyiwa upasuaji au kujifungua, inuka utembee mara tu wauguzi wanapokuruhusu, na uulize kama wahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda. Mama mzazi asifungiwe kitandani wiki nzima kwa jina la kupumzishwa.

Basi, msomaji, wakati mwingine utakapomwona mtu anahema bila sababu, usiridhike kwa kuambiwa kwamba kifua chake ni safi. Uliza kama damu nayo inafika. Ukichelewa kuuliza, huenda asipatikane wa kujibiwa.